Vitz ya 2003 yagonga mbele kushoto, nimeshabadilisha karibu kila kitu. Watu wa Malindi nisaidieni

MwanaMaweni

Asalaam aleikum wakuu. Mwenzenu nimechoka.

Nina Vitz ya 2003, injini ya sisi (cc) 1000, niliinunua mkononi kwa mtu miaka minne iliyopita. Kila siku natoka Maweni kwenda kazini upande wa Gongoni, kwenye mashamba ya chumvi. Lami ni lami, lakini ukishaiacha kuingia ndani ni mawe matupu, na mvua za mwaka zimemaliza kile kidogo kilichokuwa kimebaki.

Tangu Novemba gari lagonga mbele kushoto. Shimo kubwa linapita kimya, ajabu! Tatizo ni vijiwe vidogo vidogo na lami iliyochanika, tena kwa mwendo wa pole: ko-ko-ko, ko-ko-ko, kama mtu abisha hodi chini ya miguu yangu. Juzi nimempakia mama kutoka Mambrui, hatujafika daraja la Sabaki akaniuliza ni nani huko mbele atwanga kisamvu.

Nimeanza na shoki Desemba, mbili za mbele, eksi-Japani (zilizotumika huko), 9,000 pamoja na kazi. Kelele ikabaki vilevile. Februari fundi mwingine akasema ni linki za stabilaiza, ule upau wa kuzuia gari lisilale kwenye kona, 2,600. Ikapungua. Machi wa tatu akasema bushi (raba za maungio) za loa amu, ule mkono wa chini unaoshika gurudumu, pande zote, 4,800. Hapo nikapata utulivu wa kweli, nikasema alhamdulillah. Miezi mitatu tu, sasa imerudi na imezaa: ile ko-ko-ko ipo, na nikiachia breki kwenye foleni nasikia "du!" moja nzito.

Ukijumlisha ni 16,400. Nimebakisha nini? Au ndiyo uzee?

Kaskazi80

Uza. Nunua Probox. Kesi imekwisha.

Fundi_wa_Barani

Wa aleikum salaam ami. Usimsikilize Kaskazi, Probox yake mwenyewe nimeitoa springi iliyovunjika mwezi uliopita.

Kabla hujatoa shilingi nyingine nijibu haya. Ukisimamisha gari kabisa, injini yawaka, ukakata usukani kutoka mwisho hadi mwisho, wasikia chochote? Hiyo "du" yaja ukikanyaga breki, ukiachia, au mara zote mbili? Shoki zilipobadilishwa, mauntingi za juu, vile vishikio vya kichwani, ziliwekwa mpya au zilirudishwa zile za zamani? Na hili ndilo nalitaka hasa: bushi zilipokazwa, gari lilikuwa juu ya jeki au lilikuwa chini kwa magurudumu yake?

Presha ya tairi je? Naona watu wengi huku wajaza 45 eti gari liende jepesi, halafu waja gerejini kulalamika kila kijiwe wakisikia mgongoni. Soma kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Vitz haitaki zaidi ya thelathini na kitu.

MwanaMaweni

Nimetoka nje sasa hivi nikajaribu. Usukani gari likiwa limesimama: ndiyo, kuna "twang" fulani, kama waya wa gitaa umekatika, upande wa kushoto. Mara moja kwenda, mara moja kurudi.

"Du" ni nikiachia, na nikikanyaga ghafla pia ipo lakini ndogo.

Mauntingi zilirudishwa za zamani. Fundi alisema bado zina nguvu.

Bushi zilikazwa gari likiwa juu. Jeki upande mmoja, mawe upande wa pili, magurudumu yaning'inia. Kwani hukazwa vipi?

Presha nilikuwa na 42. Nimetoa, sasa 33.

BintiGede

Niwape kisa changu kidogo mcheke. Nina Nissan March. Miezi miwili nasikia ngo-ngo-ngo nyuma kila nikitoka Gede kwenda Watamu. Nimebadilisha shoki za nyuma, zote mbili. Bado. Nikaambiwa ni bushi za ile bimu ya nyuma, nikaanza kutafuta pesa. Siku moja tairi likapata msumari pale Timboni, nikafungua buti nitoe jeki. Jeki haijafungwa! Yacheza yenyewe ndani ya shimo lake tangu siku nilipotoka kwa mtu wa pancha.

Tangu hapo, mtu akinambia gari lake lagonga nyuma namwambia toa kila kitu kwenye buti, jeki, tairi la spea, mtungi wa gesi wa shemeji, kisha endesha.

Mtanga_mwenzenu

Dada umenichekesha. Salamu kutoka Tanga. Huku kwetu hiyo shoki mnayoisema tunaiita shokapu, na wazee bado wanasema shokomzoba. Neno refu kuliko chombo chenyewe.

Mleta uzi, hiyo "twang" ya usukani usiiache. Mwombe mtu akae ndani azungushe usukani taratibu, wewe piga magoti na weka vidole juu ya springi ya kushoto, kwa nje, usipenyeze vidole katikati ya mizunguko. Kama springi inajikusanya kisha inaruka kwa mshtuko badala ya kuzunguka laini, beringi ya juu imekufa. Mkono unasikia mapema kuliko sikio.

Fundi_wa_Barani

Mtanga amesema kweli tupu. Sasa MwanaMaweni kaa kitako, maana una magonjwa mawili, si moja, ndiyo sababu kila fundi alipata nusu ya dawa.

La kwanza liko juu. Kwenye Vitz, shoki ya mbele na springi yake ni kitu kimoja kimesimama, na kichwani kimekamatwa na mauntingi: raba nene yenye beringi. Ile raba yabeba uzito wa gari, ile beringi yaruhusu shoki nzima izunguke ukikata usukani. Raba ikichoka, chuma cha katikati chapata nafasi ya kupiga juu na chini. Shimo kubwa laikandamiza yote kwa pamoja, husikii kitu. Vijiwe vidogo ndivyo vyaicheza. Ndiyo ko-ko-ko yako. Kubadilisha shoki ukarudisha mauntingi ya miaka ishirini ni kama kuoga ukavaa nguo ileile ya jana.

La pili ni hilo la bushi, na hili lanikera kwa sababu laharibika mikononi mwetu sisi mafundi. Bushi ya loa amu si beringi. Ina bomba la chuma nje, bomba la chuma ndani, na raba imegandishwa baina yake. Ukikaza bolti, bomba la ndani lakamatwa na fremu, halizunguki tena. Mkono ukipanda na kushuka, ni raba ndiyo yajipinda kwenda na kurudi.

Sasa fikiri. Gari liko juu ya jeki, gurudumu laning'inia, mkono umeshuka mwisho wake. Ukakaza hapo, raba imepumzika katika hali ya kuning'inia. Ukishusha gari, mkono wapanda na raba yajipinda, na hapo ndipo itakaposhinda siku nzima, imepindwa tayari hata gari likiwa limeegeshwa. Ukiingia shimo yapindwa zaidi. Miezi mitatu, minne, yachanika. Ndipo mkono wapata nafasi ya kwenda mbele na nyuma, na breki ndiyo yausukuma. "Du!"

Bolti za bushi huingizwa na kukazwa kidogo tu gari likiwa juu. Mkazo wa mwisho ni gari likiwa limebeba uzito wake. Njia mbili: lipandishe magurudumu yote juu ya mbao pana ili upate nafasi ya kuingia chini, au liache kwenye stendi, kisha jeki ya pili iinue gurudumu kwa chini hadi uone gari linaanza kidogo tu kuachana na stendi. Hapo kaza.

Kaskazi80

Nimefanyiwa hivyo hivyo mara ngapi maishani mwangu? Yaani wote hukaza juu. WOTE.

Halafu Fundi, springi ilivunjika kwa sababu ya barabara ya Marafa, usinisingizie.

Fundi_wa_Barani

Springi ilivunjika kwa kutu. Lile pete la mwisho chini hukaa kwenye kikombe, na kikombe chashika mchanga na maji ya chumvi. Rangi yatoka, chuma chaliwa. Sisi watu wa pwani tukiosha gari twaosha boneti. Piga maji pale pia, kila wiki.

Salum_Shella

Swali la pembeni. Mimi bushi zangu zalia nyi-nyi nikipita tuta. Kijana wa gereji huzipaka oili chafu, zanyamaza wiki nzima. Kuna ubaya?

Fundi_wa_Barani

Ubaya upo. Oili, dizeli na grisi ya kawaida huifanya raba ivimbe na kulainika, halafu yaliwa upesi. Ukitaka kujua ni bushi gani yalia, chukua chupa ya maji yenye sabuni, nyunyizia moja moja na kila mara mwambie mtu atikise gari. Ile itakayonyamaza ndiyo hiyo. Maji hukauka bila madhara. Dawa ya kunyunyiza ya silikoni haidhuru raba, lakini nayo yaficha ugonjwa tu.

Salum_Shella

Na zile bushi za kuchonga kwa tairi kuukuu? Bei yake ni kama bure.

Fundi_wa_Barani

Kwa mkokoteni, sawa.

BintiGede

😂😂 Fundi leo umeamka vibaya.

Lakini tuwe wakweli, si kila mtu ana pesa ya vifaa vipya. Shoki za eksi-Japani kwani zote mbaya? Zangu zina mwaka wa pili.

Mtanga_mwenzenu

Mimi nasimama na wewe nusu. Shokapu iliyotumika unaweza kuipima kabla ya kulipa. Isimamishe wima, ibonyeze hadi chini kwa nguvu zote, iachie. Itembeze mara nne, tano. Inatakiwa iwe nzito njia nzima, bila kuteleza ghafla katikati. Za gesi zitapanda zenyewe polepole. Angalia fimbo yake: ikiwa na mkwaruzo hata mmoja au madoa ya kutu, rudisha, maana ule mkwaruzo utaila sili na mafuta yatatoka. Na mwili wake ukiwa umepakwa rangi mpya nyeusi inayong'aa, jiulize ni nini kinafichwa.

Ila mauntingi, bushi, boljointi (kiungo cha mviringo kati ya mkono na gurudumu) na linki, hivyo sinunui vilivyotumika. Raba inazeeka hata ikiwa kwenye rafu Japani.

Kaskazi80

Na mkwaruzo wenyewe huwekwa na nani? Fundi akishika fimbo kwa plaisi ili afungue nati ya juu. Nimemwona kwa macho yangu.

Salum_Shella

Ile ya kukandamiza bampa kuona gari laruka mara ngapi, mwaiamini?

Fundi_wa_Barani

Kidogo. Likiruka mara tatu, nne, shoki imekwisha, hakuna ubishi. Lakini likikaa palepale si hoja kwamba ni nzima. Gari lenye raba zilizokauka na kutu halirukiruki hata shoki ikiwa tupu kama debe. Mimi hutazama mafuta kwenye mwili wa shoki, na hupitisha kiganja juu ya tairi. Tairi likiwa na mabonde na milima, mabonde na milima, shoki haikamati tena.

Mokowe_Jeti

Hodi. Nimesoma uzi wote nikiwa kwenye boti narudi Amu (Lamu). Huku kisiwani wenzenu twapanda punda, hana shoki wala bushi na halalamiki, lakini gari ninalo, nimeliegesha Mokowe karibu na jeti. Hukaa wiki tatu, mwezi, bila kuguswa. Nikilichukua kwenda Malindi lalia mbele kama kitanda cha kamba, kilomita chache za kwanza, kisha lanyamaza. Ni Starlet ya 1997. Niogope?

Fundi_wa_Barani

Upepo wa bahari na kukaa bure, vyote viwili ni adui. Kutu nyembamba kwenye diski za breki husikika kilomita ya kwanza na hutoka kwa kukanyaga breki. Raba kavu nazo hulia hadi zipate joto. Hiyo haiui. Lakini ukifika Malindi inua gari, kamata gurudumu kwa mikono miwili juu na chini, litikise. Likicheza ni boljointi au beringi ya gurudumu. Kisha kamata kushoto na kulia. Likicheza hapo ni tairodi au raki, vyuma vya usukani. Boljointi ndiyo ya kuogopa: ikichomoka, gurudumu hulala ubavuni, na haichagui mahali.

Linki za stabilaiza usizitikise gurudumu moja likiwa juu na jingine chini. Ule upau huvutika, nafasi yote hujificha, utasema linki nzima. Magurudumu yote mawili yawe sawa.

MwanaMaweni

Wakuu, mrejesho. Nisamehe kwa urefu.

Jumamosi nimeingia kazini mwenyewe uani kwa mjomba, Kisumu Ndogo, pamoja na binamu yangu aliyesomea ufundi. Nimefuata maneno ya Mtanga, nikaweka vidole juu ya springi, binamu akazungusha usukani. Yakhe! Niliisikia ikijikusanya, ikajikusanya, kisha kwachu! mpaka nikaondoa mkono. Kulia ni laini kabisa.

Tukavua gurudumu. Bushi ya nyuma ya loa amu kushoto, ile ya miezi mitatu, imechanika umbo la mwezi mwandamo, nikapenyeza bisibisi ndani ya ufa ikazama nusu kidole. Ya kulia ina ufa mdogo, bado mchanga.

Kitu kilichotuchelewesha ni bolti moja. Bomba la ndani la bushi na bolti vimeshikana kwa kutu, ukizungusha vyazunguka pamoja na raba yajisokota. Tuliipiga mafuta ya kulegeza kutu Ijumaa usiku, tukaipiga tena asubuhi, hakuna. Mwisho tukaikata kwa graini, mashine ya kukatia chuma. Kwa miezi mitatu tu! Chumvi hii itatumaliza. Bolti mpya tumeipaka grisi mwilini kabla ya kuiingiza, chuma tu, raba hatukuigusa.

Binamu alitaka kuegemeza gari juu ya mawe ya kuchonga kama tulivyozoea. Mjomba, ambaye amejenga nyumba kwa mawe hayohayo, alikataa kata kata. Akalichukua moja, akaliangusha kutoka kiunoni, likapasuka vipande vitatu. "Hilo ndilo mwataka kulala chini yake?" Tukaenda kuazima stendi.

Bushi nilizipeleka penye presi, tukatia alama kwanza zile za zamani zimekaa mwelekeo gani, maana zina matundu ya makusudi ndani ya raba na hazikai ovyo. Springi kuitoa sikufanya mwenyewe.

Fundi_wa_Barani

Hapo kwa springi umefanya la busara. Niliwahi kuona kijana aliyeifunga kwa kamba ya katani badala ya vibano vyake. Akafungua nati ya juu. Kile kikombe cha juu ya springi kilipaa kikatoboa mabati ya gereji, na tundu bado lipo, mvua ikinyesha twaweka ndoo chini yake. Kichwa chake kilikuwa hatua moja kando. Springi ile imebeba robo ya gari ikiwa imekandamizwa, haina utani.

Na nati ya juu ya mauntingi, umekaza kwa mkono au kwa mashine?

MwanaMaweni

Kwa mkono, fimbo ikashikwa kwa ufunguo wake wa ndani, si plaisi. Kaskazi asome hapo.

Mauntingi mbili mpya pamoja na beringi, bushi mpya mbele na nyuma pande zote mbili. Kisha tukafanya ile: magurudumu yakapanda juu ya mbao za mninga za mjomba, tukalitikisa gari mara kadhaa likae, ndipo binamu akaingia chini kukaza. Nati za magurudumu tumezipima kwa spana ya kupimia, niutonimita 103.

Jumatatu nikaenda Gongoni. Nimepita lami iliyochanika baada ya Mambrui, nikaongeza, nikapunguza, nikatafuta vijiwe kwa makusudi kama mwendawazimu. Kimya. Nilisikia sarafu zikicheza kwenye kisanduku cha mlango, ambazo sijui zimekaa humo tangu lini. Nikaachia breki kwenye tuta: hakuna "du".

Usukani tu ulikuwa wavuta kulia kidogo. Jana nimefanya alaimenti (kupima na kunyoosha magurudumu), umenyooka.

Mtanga_mwenzenu

Hongera sana. Baada ya wiki moja pitia bolti zote kwa spana tena, lakini gari likiwa chini!

Mokowe_Jeti

Mimi ndiyo nimefika Malindi. Nimelitikisa juu na chini kama ulivyosema Fundi. Gurudumu la kulia halichezi. La kushoto lacheza.

Fundi_wa_Barani

Usirudi nalo Mokowe hivyo. Lilaze hapo ulipo, kesho asubuhi nitakuja na boljointi. Nitumie picha ya ile ya zamani ujumbe wa faragha.

MwanaMaweni

Fundi, kabla hujaondoka. Sasa kwa kuwa mbele kumenyamaza, nasikia kitu nyuma kulia. Ngo-ngo, ngo-ngo, kwenye matuta tu. Nifungue uzi mwingine au tuendelee hapahapa?

BintiGede

Fungua buti kwanza.